Shajara ya mradi: kubadilisha wufa ya spika ya kulia

Jumamosi asubuhi

Spika ni mbili, za mbao. Kila moja ina wufa (ya sauti za besi) ya inchi 8 chini na twita (ya sauti nyembamba) ya kuba juu. Boksi limezibwa pande zote, halina tundu la besi. Baba mkubwa alizinunua Japani mwaka 1986, enzi za ubaharia wake, zikaja melini pamoja na amplifaya, na tangu hapo ziko sebuleni kwake Tandika. Kibao cha nyuma kinasema ohm 8, wati 60.

Ugonjwa uko kulia. Kwa muda mrefu ilikuwa inakwaruza kila gitaa la besi likishuka chini. Sasa imenyamaza kabisa, imebaki twita peke yake ikilia. Wajukuu wamemshauri babu yao azitoe, anunue sabufa yenye taa na rimoti. Amekataa, na mimi niko upande wake. Spika hizi zikiwa nzima unasikia kidole cha mpiga besi kinavyoachia uzi. Sabufa nyingi za mtaani hupiga noti zote za chini kwa mlio mmoja. Kwa hiyo lengo nimeliandika mwanzoni kabisa: spika ya kulia ilie sawasawa na ya kushoto. Kulia tu hakutoshi.

Nimeanza kwa kubadilishana waya nyuma ya amplifaya, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Spika ile ile ikabaki bubu, kwa hiyo kosa ni lake, si la amplifaya wala la waya.

Kisha kitambaa cha mbele, kisha skrubu za wufa kwa bisibisi ya nyota, na boksi likiwa limelazwa chali ili wufa isidondoke ikajing'oa waya. Pete ya sponji inayoshika ukingo wa koni, ile karatasi inayosukuma hewa, imeoza yote. Ukiigusa inamong'onyoka na kuacha unga mweusi unaonata kwenye ncha za vidole. Robo nzima ya mzunguko haina sponji kabisa.

Hiyo si ajabu kwa Dar. Sponji hizi ni za poliurethani, na adui yake mkubwa ni unyevu: maji yaliyomo hewani huvunja minyororo ya kemikali ndani yake polepole, hata kama spika haipigwi. Jua la dirishani huongeza kasi. Miaka 15 hadi 20 ndiyo umri wake wa kawaida. Hizi zimevuka zaidi ya hapo kwa sababu baba mkubwa hakuwahi kuzikalisha karibu na dirisha.

Mita: wufa ya kushoto inasoma ohm 6.1. Hivyo ndivyo spika ya ohm 8 inavyotakiwa kusoma, kwa sababu zile 8 ni ukinzani inapopitisha muziki, na waya wa koili, ule uliosokotwa nyuma ya koni, peke yake husoma kati ya 5.5 na 7. Ya kulia haisomi kitu. Kabla ya kuihukumu koili nimepima tena upande wa pili wa zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye terminali kwenda kwenye koni, maana mara nyingi hizo ndizo hukatika na fundi huziunga kwa dakika chache. Ni nzima. Koili ndiyo imekatika.

Nimekata kofia ya katikati kwa wembe nikaangalia. Bomba la koili limebabuka upande mmoja, varnishi imekwisha, waya umekuwa mweusi. Hadithi yote inasomeka hapo. Sponji ilioza, koni ikapoteza mshiko wa juu ikalalia upande, koili ikaanza kusugua chuma ndani ya pengo la sumaku, na nafasi inayobaki kila upande wa koili ni nyembamba mno, haifiki hata unene wa kucha. Mkwaruzo ule uliosikika muda wote ulikuwa koili inajimaliza. Mtu akisikia mkwaruzo kama huo azime siku hiyo hiyo. Pete ya sponji ni bei ndogo, koili ni habari nyingine.

Jumamosi jioni: amplifaya kwanza

Hakuna kununua wufa kabla ya kujua amplifaya haitaiunguza. Nimeiwasha bila spika na bila muziki, nikaiacha ipate moto, kisha nikapima umeme wa DC (ule usiogeuka mwelekeo) kwenye terminali za spika. Kushoto milivolti 14, kulia 19. Chini ya 50 hakuna shida. Ingekuwa volti nzima au zaidi, ina maana transista za mwisho zimevuja, na wufa mpya ingekaangwa na mkondo usiolia. Kipimo hiki ni cha dakika moja, na naona mafundi wengi wanakiruka.

Nyuma ya amplifaya imeandikwa wazi: spika za ohm 8 hadi 16. Hilo limenifungia mlango mmoja, kama litakavyoonekana.

Jumatatu, Kariakoo

Nimekwenda na wufa iliyoungua mkononi. Maduka ya vipuri vya redio yamejaa wufa za inchi 8, mpya, zinang'aa, zimebandikwa karatasi ya wati 300, wati 500. Muuzaji anauliza inchi na wati, basi. Ukitaja boksi anakuona unachelewesha wateja.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa spika Gerezani, mzee ambaye meza yake ina sumaku zilizopangwa kwa ukubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa au imechoka?"

"Koili imekatika."

Akaichukua, akaisukuma koni kwa vidole vinne vilivyotawanywa, akaisikiliza inavyosugua, akaigeuza kusoma namba iliyogongwa nyuma ya sumaku. "Hii ya boksi lililozibwa," akasema. "Usiniambie umekuja kutafuta wati mia tano."

Alijua bila kuliona boksi. Koni yenyewe ilimwambia: ni laini mno kwenye mshiko wake, inasafiri mbali ikisukumwa. Wufa ya namna hii haijitoshelezi. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba ukiilegeza sana mishikio ya koni na kulifunga boksi lisipitishe hewa, hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inakuwa springi inayoirudisha koni mahali pake, na springi ya hewa ni sahihi kuliko ya kitambaa. Hivyo ndivyo boksi dogo lilivyoanza kutoa besi ambayo zamani ilihitaji kabati. Wajapani wakaifuata njia hiyo kwenye spika nyingi za nyumbani. Boksi la baba mkubwa nimelipima kwa ndani: linakaribia lita 30.

Kwa hiyo wufa na boksi lake ni kitu kimoja. Neville Thiele alipoandika Australia mwaka 1961, na Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney alipoiendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, walichotupa sisi mafundi ni namba chache za kuijua wufa kabla ya kuifunga: mrindimo wake wa asili ikiwa hewani (masafa ambayo koni hutikisika kwa urahisi zaidi), jinsi inavyojizuia kurindima, na ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na mishikio yake. Wati haimo katika namba hizo. Wati inakwambia koili inavumilia joto kiasi gani kabla haijaungua. Hata ukubwa wa sauti hauambiwi na wati. Unaambiwa na usikivu wa spika kwa wati moja kwa umbali wa mita moja, na wufa iliyopungukiwa desibeli 3 inakudai nguvu mara mbili ili ilingane na mwenzake.

Mzee alikuwa na wufa mpya ya wati 500 juu ya meza, ya mteja mwingine, akaniruhusu tuipime. Koili ohm 3.4, yaani ni ya ohm 4. Mshikio wake ni kitambaa kigumu chenye mikunjo, na ikiwa hewani tu inarindima kwenye 62 Hz (mitetemo 62 kwa sekunde). Ndani ya lita 30 zilizofungwa ingepanda hadi 80 au zaidi. Uzi mnene wa gitaa la besi ukiachiwa wazi unatoa 41 Hz. Noti hiyo ingekuwepo kwenye kanda na isingekuwepo sebuleni. Juu ya hayo, ohm 4 upande mmoja ingeivuta amplifaya mkondo karibu mara mbili ya iliouzoea. Ni wufa nzuri, ya kazi nyingine: muziki wa harusini, kwenye boksi lake lenye tundu.

"Tafuta pacha wake kwenye mitumba," mzee akasema. "Sponji isikutishe. Tazama koili tu."

Alhamisi: pacha

Nimepiga picha namba ya sumaku nikaituma kwa wauza redio za mtumba ninaowafahamu. Mmoja wa Buguruni akajibu ana boksi moja la aina hiyo hiyo, twita imebonyezwa ndani, mbao zimevimba kwa maji, amelitupa nyuma ya duka. Nikamwambia asimpe mtu.

"Kaka, hilo limeoza, nitakuuzia zima lingine," akaniambia nilipofika.

Namba ya sumaku ni ile ile. Sponji hakuna. Koili ohm 5.9. Nikaishika koni kuzunguka kofia, nikaisukuma taratibu wima: kimya, haigusi popote. Spaida, kile kitambaa cha manjano chenye mikunjo kinachoshika koili kwa chini, hakijachanika wala kuachia gundi. Kasoro ni moja, mpasuko wa sentimita 2 kwenye ukingo wa koni. Tulikubaliana elfu 25. Yule kijana alitaka kunipa na boksi. Nimechukua wufa tu.

Nikapitia kwa mzee kuchukua pete za sponji, mbili. Hapa nasisitiza: mbili. Wufa ya kushoto nayo sponji yake imeanza kupasuka, na hata ingekuwa imara, pete mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine zingefanya spika mbili tofauti. Mzee alikuwa pia na pete za mpira, ambazo zinastahimili unyevu wetu miaka mingi zaidi. Nilizishika. Ni nzito na ngumu kuliko sponji ya asili, zingebadilisha mrindimo wa koni na kupunguza usikivu. Kwa boksi lililozibwa nimechagua sponji. Baada ya miaka 15 mtu atabadilisha tena. Ni kazi ya siku mbili.

Jumamosi: kuvalisha pete

Kazi iliyochukua muda mwingi ni kusafisha. Mabaki ya sponji kwenye fremu yanatoka kwa kisu butu na spiriti. Kwenye koni huwezi kufanya hivyo, ni karatasi, spiriti ikizidi inalegea. Nimetumia ukucha wa kidole gumba na pamba iliyonyevuliwa tu, sentimita kwa sentimita, koni ikiwa imeegemezwa kwa mkono wa pili kutoka nyuma. Gundi ya kiwandani ilibaki kama ukanda wa kahawia unaong'aa. Huo nimeuacha pale ulipokuwa laini, kwa sababu kuung'ang'ania kungechana karatasi.

Mpasuko wa koni nimeuziba kwa kipande cha karatasi ya chujio la chai, kimoja mbele, kimoja nyuma, na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Karatasi nyembamba inakunywa gundi na kuwa sehemu ya koni. Kipande kinene kingeongeza uzito upande mmoja na kuifanya koni iyumbe.

Kisha kukata kofia za katikati na kuiweka koili katikati ya pengo. Nimekata vipande vyembamba vya filamu ya zamani ya eksirei, nikavichomeka kati ya bomba la koili na chuma cha katikati, pande zote, mpaka koili ikasimama yenyewe bila kucheza. Filamu ya eksirei ina unene sawasawa kila mahali na haibonyei, na hicho ndicho kinachotakiwa.

Pete huanza kugundishwa kwenye koni. Ya kiwandani ilikuwa imegundishwa mgongoni mwa koni, nami nimeifuata, ingawa mbele ni rahisi zaidi. Gundi ni nyeupe, ya kukauka taratibu, ambayo inabaki na ulaini ikikauka. Ile ya matone inayoshika papo hapo haikupi nafasi ya kurekebisha na ikikauka inakuwa kioo. Nimepaka pande zote mbili, nikasubiri ianze kunata, nikabana kwa vidole kuzunguka mara nyingi. Nikaziacha zikauke mchana kutwa huku feni ikiwa imezimwa, vumbi lisiruke.

Usiku nimegundisha ukingo wa nje kwenye fremu. Baba mkubwa alikaa karibu akishika taa. Aliuliza kwa nini nasukuma koni kila baada ya dakika chache. Nikamwambia nasikiliza kama koili inagusa wakati gundi bado inakubali kusogezwa. Akainamisha sikio naye. "Haisemi kitu," akasema. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumapili: vipimo

Filamu zimetoka, koili zinasafiri bila kugusa. Kabla ya kufunika nimepima mrindimo wa kila wufa ikiwa hewani. Njia ni hii: programu ya simu inayotoa sauti za masafa unayotaka, ndani ya amplifaya; kutoka amplifaya, rezista ya ohm 100 kisha wufa, moja baada ya nyingine kwenye mzunguko mmoja; mita kwenye terminali za wufa, ikisoma AC (umeme unaogeuka mwelekeo). Unapandisha masafa polepole kuanzia 20 Hz, na pale volti inapofikia kilele ndipo mrindimo ulipo. Zile mita ndogo za manjano za bei nafuu hazifai hapa kwa kuwa AC yao inaanzia volti 200. Tafuta yenye kipimo cha volti 2.

Kushoto 37 Hz. Kulia 39. Kwa wufa mbili zilizotoka nyumba mbili tofauti, zimeachana kidogo sana, na sponji mpya bado italainika ikipigwa. Nilifurahi mno kuziona namba hizo, nikampigia simu mzee wa Gerezani Jumapili hiyo hiyo.

Kofia mpya zimegundishwa. Kisha kuchomea waya kwa risasi. Mwelekeo nimeuhakikisha kwa betri ya volti 1.5: chanya ya betri kwenye terminali nyekundu, koni lazima iruke mbele. Zote mbili zimeruka mbele. Moja ingerudi nyuma, besi za spika mbili zingeuana hewani, na watu wangesema wufa mpya ni dhaifu.

Nikiwa ndani ya boksi nimeangalia pia kapasita za twita, zile zinazozuia besi isifike kwenye twita. Zimeandikwa mikrofaradi 3.3, moja inasoma 4.1, nyingine 3.9. Ni za maji, umri umezifikia. Nimeweka mpya za plastiki, 3.3, pande zote mbili. Sufi iliyojazwa ndani nimeirudisha yote. Inahesabika kwenye hesabu ya boksi.

Jumapili jioni: kuvuja

Wufa ya kulia imefungwa, skrubu zimekazwa kwa msalaba, kidogo kidogo. Boksi lililozibwa likivuja, ile springi ya hewa haipo tena, kwa hiyo nimewasha kijiti cha udi, nikaweka sauti ya 30 Hz kwa kiasi, nikakipitisha kijiti kuzunguka fremu. Moshi ulipanda wima juu na pembeni. Chini, karibu na skrubu ya upande wa ukuta, ukatetemeka na kusukumwa nje. Kizibo cha zamani chini ya fremu kimebonyea pale. Nimetoa wufa, nimebandika utepe wa sponji ya kuzibia milango kuzunguka mdomo wote, nimefunga tena. Udi ukapanda wima kila mahali. Upande wa kushoto nimeuwekea utepe vile vile.

Vipimo vya mwisho, ndani ya boksi: kushoto 60 Hz, kulia 62.

Jumatano

Zimepigwa kila jioni kwa sauti ya kawaida. Baba mkubwa alianza na taarabu, kwa sababu alitaka kusikia kama violini zimebadilika. Hazijabadilika, ila kwenye twita ya kulia kuna uwazi ambao yeye ndiye aliyeutaja kwanza, nami naamini ni zile kapasita. Kisha muziki wa dansi wa miaka ya sabini. Gitaa la besi linashuka, linakaa katikati ya spika mbili, halivutwi kushoto wala kulia. Alinituma nipunguze sauti, kisha akanituma nipunguze tena, akabaki anaisikia besi hata kwa sauti ndogo. Nimejaribu kumuuliza ipi ni wufa ya Buguruni. Akataja ya kushoto.

Kilichobaki ni kitambaa cha mbele, kile cha zamani kimechanika kwenye pembe. Kinatakiwa chepesi, ukikiweka mdomoni uweze kupuliza pumzi ikapita bila kuzuiliwa. Fundi cherehani wa jirani ana aina mbili, nitazijaribu zote kwenye sikio kabla ya kukata. Wufa iliyoungua nimempelekea mzee Gerezani. Sumaku na fremu ni nzima, spaida pia, na amesema koili ya kipenyo hicho anaweza kuisuka mwenyewe. Nimemwachia bila kumdai kitu, kwa makubaliano kwamba akimaliza atanipigia, nikaipime mrindimo.